Ufunguo Kwa Ndani

Mimi hufungua milango ya watu hapa Kaunas,
kibanda changu kiko nyuma ya kituo cha treni,
na mlango ulionishinda ni simu.

Vytenis alipokuwa hai, yeye ndiye aliyepokea.
Mimi nilishika tupa.
Tulimzika Novemba; simu haikuzikwa naye.
Ililia juu ya meza ya vyuma
nami naitazama kama dereva anavyomtazama nyuki
aliyeingia garini.

Basi nikaanza kujikarabati.
Alfajiri pumzi, nne ndani, saba nje,
nilivyofundishwa na Ugnė, binti wa dada yangu.
Mchana kioo: "Mimi ni mtulivu," mara ishirini,
kioo kikajibu kwa ukungu.
Jioni vidole, kugonga mifupa ya mashavu
kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.
Usiku kanda ya Aurimas jirani,
bwana mwenye sauti ya asali akihesabu ngazi kumi za kushuka.
Na daftari. Nikachora safu, nikajipa alama,
mwalimu na mtahiniwa kalamu moja.

Wiki ya tatu ndipo nikasikia ugomvi.
Pumzi zasema: wazo likija, liache lipite.
Kioo chasema: likamate, likunje, likalie.
Bwana wa asali: sahau yote, shuka.
Daftari, asubuhi: kumbuka yote, andika.
Wapangaji wanne, jiko moja,
na kila mmoja na sufuria yake.

Fisi, wanasema, alishindwa na njia mbili.
Mimi nilikuwa na nne, wala sina pua yake.

Lakini kazi yangu naijua.
Mteja akisahau ufunguo tunduni kwa ndani,
wa nje hauingii, hata uwe wa dhahabu.
Hapo mbinu ya pili ni kizuizi.
Kisha nakumbuka ile benki ya zamani barabara ya Laisvės,
masanduku yasiyofunguka kwa ufunguo mmoja:
wa karani, wa mwenye mali,
zote zizungushwe pamoja.
Hapo bila ya pili huna kitu.
Sasa kichwa changu ni kitasa cha aina gani?

Nikafanya kama fundi, nikatoa pini moja moja.
Wiki bila kioo: simu mbili kati ya tisa.
Wiki bila kugonga: mbili kati ya nane.
Wiki bila pumzi: sikupokea hata moja.
Nikapiga mstari mwekundu, nikafurahi,
halafu nikakumbuka kwamba wiki ile
barafu ya Nemunas ilikuwa ikipasuka usiku kucha, silali,
na Alhamisi ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Vytenis.
Daftari halikuwa na safu ya hayo.

Ugnė akasema, "Mama mdogo,
unapima dawa huku kidonda kinabadilika."
Nilimnunia siku mbili.

Machi, saa nane usiku, ikalia.
Pumzi ikainuka, sentensi ikainuka,
vidole vikakimbilia mashavuni, ngazi zikaanza, kumi, tisa,
zote mlangoni kwa pamoja, mabega yamekwama,
hakuna anayetoka.
Simu inalia.
Nje ni nyuzi sita chini ya sifuri.
Nikapokea.

Sisemi zilikuwa bure.
Mkono ulionyanyua simu
ulizoezwa miezi mitatu, au ulikuwa mkono tu.
Kanda nimeirudisha. Kioo nanawia uso.
Pumzi nimezibakiza, za alfajiri,
kwa kuwa nazipenda, si kwa alama.

Alikuwa Bi Stanislava wa ghorofa ya nne,
amesimama ngazini na ndara za manyoya.
Ufunguo wake ulikuwa tunduni, kwa ndani.
Waya, dakika nne.
Akaniuliza, huku akiwasha birika,
mbona ulichelewa hivyo kupokea?
Nikamwambia, nilikuwa nahesabu.