Elfu Tatu na Mia Nne

Nimezihesabu mara mbili gizani nisimwamshe Odero,
mara ya tatu chooni,
maana noti zina tabia ya kupungua
zikishajua una haja nazo.
Kisha nimezifunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili.
Leo Jumapili, siku ya Kibuye.

Orodha ya muuguzi ina vitu kumi na tisa.
Aliniandikia bila kuinua kichwa:
beseni mbili, shali mbili, nepi dazeni mbili.
Kwake kila kitu huja jozi,
na tumboni nina mmoja tu,
amempima mwenyewe.

Jana mama mkwe alipiga simu kutoka Ugunja:
asiyezaliwa hanunuliwi nguo.
Ukimtandikia mgeni kabla hajabisha hodi,
hujui atakayekuja kulala.
Nikasema, ndiyo, mama.
Asubuhi nikavaa ndala za Odero, zangu hazinitoshi tena,
nikatoka.

Beli ilipasuliwa saa moja.
Kamera zote zimebebwa na wenye maduka,
sisi wengine tunachimba,
mikono kumi na minane katika rundo moja,
na tumbo langu likigonga meza ya Min Apiyo
kama mtu anayedai deni.
Ovaroli ya manjano, hamsini. Zipu inapanda, inashuka.
Ya kijani, mia.
Kwa nini mia?
Hiyo ina masikio.
Kweli, kofia yake ina masikio ya sungura,
moja limesimama, moja limechoka.
Masikio hayanyonyi, nikamwambia.
Akacheka mpaka akasahau bei. Sabini.

Shali mpya ni mia nane.
Niliishika hadi mwenye kibanda
akaanza kuitazama mikono yangu badala ya uso.
Nikairudisha, nikailaza vizuri ilivyokuwa,
nikaenda kukatiwa flana mita moja na nusu.
Ukingo nitaupinda mwenyewe.
Beseni moja, la buluu.
Muuguzi akiniuliza la pili
nitasema liko njiani.

Kitanda sikukitafuta.
Mwezi jana tulikiona kimoja dirishani mjini, cheupe.
Odero hakuuliza bei. Aliingia, akachuchumaa,
akapitisha kidole gumba kwenye kiungo cha chuma:
huyu alichomelea akiwa na haraka.
Tangu siku hiyo anarudi kutoka Kamas
na kipande cha bomba ndani ya koti.
Anakisukuma uvunguni.
Yeye hasemi, mimi sifagii huko.

Katika fundo zimebaki mia nne.
Hizi haziguswi.
Hizi ni za pikipiki ya usiku ule,
uchungu haungoji mapambazuko.

Nyumbani, nikifua, ndipo nilipoona jina
ndani ya kola ya ile ya kijani,
kwa wino wa kukataa maji: JOONAS.
Nikatia sabuni. Nikatia ndimu na chumvi.
J ikakubali kuondoka, wengine wakabaki.
Kuna mama mahali fulani penye theluji
aliandika pale ili nguo isipotee.
Ikapotea hadi Nyalenda.
Huyo Joonas sasa labda ana ndevu,
labda na yeye anahesabu pesa usiku.
Basi wangu atalala miezi mitatu
ndani ya jina la mtu,
kisha litambana, atalivua.

Nimeanika chumbani, mbali na macho ya majirani.
Simu inalia. Ugunja.
Hukununua kitu?
Hapana, mama.
Vizuri.
Kimya. Nawasikia kuku wake.
Na hiyo ambayo hukununua, ina kofia?
Huko kwenu upepo wa ziwa ni mbaya usiku.

Ina masikio, mama.