Mstari wa Tatu

Ufunguo ninao mimi. Ndiyo sababu nilianza kuja.
Kila Jumatano, saa kumi na mbili jioni, nafungua
bafu la zamani la wachimba makaa, hapa Wałbrzych,
nawasha hita mbili, ya tatu imekufa,
napanga viti kumi na kimoja, wanakuja watu saba,
nasubiri wamalize kuandika nifunge nikalale.

Darini minyororo bado inaning'inia.
Mchimbaji alivua nguo za nyumbani, akazitundika kwenye kulabu,
akazivuta juu, akateremka kwenye giza na nguo za kazi.
Mgodi ulifungwa. Kulabu hakuna aliyezifunga.
Mzee Gerwazy mpaka leo huketi chini ya namba 212,
na akikuta mtu pale husimama kando, anakohoa,
hadi mtu aelewe.

Kanuni ziko ukutani, kwa chaki ya Halszka:
Asomaye hajitetei.
Asikilizaye asiseme "nzuri" akanyamaza.
Biskuti zisivunjwe mtu akisoma.
Hiyo ya mwisho aliisababisha Bogna.

Nilidhani waandishi ni watu wanaojua maneno.
Wapi! Ni watu wanaoyagombania.
Nusu saa nzima niliwaona wakibishana
iwapo theluji ya Machi huyeyuka au huchoka.
Jagoda, muuza viatu, miaka kumi na tisa, alisema huchoka.
Gerwazy akauliza: theluji haina mgongo, itachokaje?
Nami mlangoni, ufagio mkononi,
nikausikia mdomo wangu ukisema, "Hukata tamaa."
Wakageuka wote.
Halszka akavuta kiti cha nane.

Leokadia alisoma Novemba.
Miezi mitano alikuwa analeta keki ya jibini tu,
na daftari lililobanwa kwa mpira.
Shairi la mama yake, mistari kumi na miwili,
sauti inatetemeka kama kijiko glasini treni ikipita.
Kisha kimya. Hita ikalia ti, ti.
Kisha Jagoda, bila kuinua macho:
"Mstari wa tatu unadanganya."

Ulimi hauna mfupa, lakini ule ulikuwa na meno.
Mstari wa tatu ulisema: Mama alilala kwa amani.
Leokadia akavaa koti, akakosea vifungo,
akavifungua vyote, akaanza upya,
nasi tunatazama sakafu.
Mlango ulipojibamiza, minyororo yote ikatikisika juu yetu.

Bogna akasema, huna adabu, mtoto wewe.
Jagoda akalia.
Gerwazy akasema, adabu tunazo majumbani kwetu,
tele, hata hatujui pa kuziweka.
Hapa tulifuata nini?

Nilimkuta kituoni. Basi lilikuwa limepita,
hakupanda.
"Hakulala kwa amani," akasema, hakunitazama.
"Alinirushia supu. Akasema imezidi chumvi.
Akasema binti yake halisi yuko njiani, mimi ni mtu wa kukodi.
Akafa kabla sijafuta ukuta."

Halszka angejua la kusema.
Mimi ni mtu wa ufunguo. Nikauliza: "Supu ya nini?"

Akanigeukia kama niliyemshika mkono.
"Bitiruti," akasema. "Nimepaka rangi mara mbili.
Doa hurudi."

Tukasimama. Theluji ilikuwa inaanza,
ile ndogo, isiyojua kama itakaa.
Akavua glavu kwa meno, akaitoa penseli,
akaweka daftari juu ya goti, mguu kwenye benchi,
akakata mstari wa tatu, taratibu,
kama mtu anayekata uzi wa mshono.

Basi jingine likaja. Dereva akafungua mlango,
akatutazama, mmoja anaandika, mmoja anamwangalia.
Nikampungia aende zake.
Kule ndani hita zilikuwa zinakula umeme wa manispaa.
Nikaziacha zile.
"Chumvi," nikamwambia.
"Najua," akasema. "Sogea, unanizibia taa."