Kiti cha Katikati

Manyunyu ya Bolton: hayanyeshi, hayakomi.
Nimempa Bwana Entwistle vidonge vyake vinne,
nimemfunga vifungo vya sweta,
na sasa zamu yake kuniamuru: Keti pale.
Siyo kwenye sofa. Pale.

Kiti kimoja katikati ya sebule,
kama cha mshitakiwa.
Spika nne zinakitazama
(ya tano sikuiona, sikuuliza)
na sabufa imejikunyata nyuma ya pazia,
inanguruma tumboni mwangu.

Kisha zumari likalia nyuma ya shingo yangu.
Nikageuka. Nilidhani mtu kaingia.
Akacheka hadi akakohoa:
“Kila mtu hugeuka! Miaka ishirini, kila mtu hugeuka.”

Mbona basi havikuenea?
Mimi nimekua na kaseti, nimezika sidii,
na kisahani hiki sijawahi kukisikia hata jina.

Akaanza kuhesabu kwa vidole, fundi simu wa zamani,
akapotea kwenye cha pili.
Kampuni mbili, alisema, kila moja na kisahani chake,
hiki hakiimbi kwenye mashine ya kile.
Vita vya panzi, nikamwambia, furaha ya kunguru.
Ilibidi nimweleze panzi. Kunguru alimjua:
“Faili dogo, baya, la bure,
linaloingia mfukoni.”

Na waya! Sita, nene kama vidole gumba,
kwa kuwa tundu la waya mmoja waliliziba
wakihofia wezi.
Wezi hawakuja. Wanunuzi pia.
Dukani Deansgate rafu nzima ilikuwa na visahani kumi na kimoja,
na vitatu ni vya mpiga kinanda yuleyule.

Lakini hayo ni ya magazeti.
Ya nyumba hii ni mlango.
Spika ya nyuma kushoto ilitakiwa isimame
pale mlango unapofungukia,
na Beryl alipita hapo mara arobaini kwa siku.
Alitaka sofa ukutani, kama sofa za watu.
Muziki aliusikiliza akikata vitunguu,
akipanda ngazi na kapu la nguo, akitafuta miwani.
“Nilimwambia, njoo ukae, kiti hiki hapa.
Akasema, nikikaa mimi, wewe utasikilizia wapi?”
Hapo akaanza kuitafuta rimoti,
ilhali ameishika.

Ngoma ivumayo haidumu, husema kwetu.
Hii hata kuvuma haikuvuma.
Ilizunguka tu, kichwa kimoja kwa wakati.

Saa nne nikaenda jikoni kuosha vikombe.
Juu ya friji, spika ya nyuma kushoto.
Aliihamishia huko mwaka ule wa mazishi,
akaupitisha waya chini ya zulia
mpaka kwenye ubao wa vitunguu.
Haitoi wimbo. Inatoa yaliyoachwa nyuma:
mwangwi wa ukumbi,
kiti kinacholia,
mtu mmoja anayekohoa
fidla hazijaanza.

Nikafunga bomba.