Chuma Kisichopenda Hewa

Baba anafua chuma Kamukunji.
Tangu alfajiri nyundo yake inabishana
na mapipa yaliyopasuliwa, mabati, springi za lori,
na jioni masikio hayamrudii mpaka amalize chai.
Mimi nafua chuma Chiromo, ghorofa ya pili,
bila nyundo, bila moto, kwa nyuzi nne tu za joto,
mikono ndani ya glavu nyeusi zilizoota ukutani mwa kioo,
kama mtu anayezalisha mbuzi gizani.

Ndani ya sanduku hamna hewa ya kuvuta.
Hewa ndiyo adui.
Pumzi moja, hata ile ya kusema "pole,"
na protini huachia yote iliyoshika.

Na ilichoshika ni hiki: atomu nne za chuma, nne za salfa,
pembe kwa pembe, mchemraba
ambao jicho langu halitauona kamwe.
Protini imeufumbatia kiganja
kama mtoto aliyetumwa dukani na sarafu.
Rangi tu ndiyo shahidi wangu: kahawia,
chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Alhamisi stima zilipotea.
Jenereta likakohoa, likafikiri, likanyamaza.
Kerubo alishika tochi, Daktari Chepkwony alishika kichwa,
nami nikatazama kichupa:
kahawia ikawa manjano, manjano ikawa maji ya mchele.
Miezi mitano. Vifundo vya mizizi ya maharagwe ya Kabete
tulivyochuma kimoja kimoja
(kuchuma, chuma; lugha ilijua kabla yetu)
vimekuwa kutu, chembe mbili tatu chini ya kioo.

Nikampigia baba.
"Kimevunjika?"
"Kimepata kutu."
"Si upige msasa."
"Hakina pa kupiga."
"Kwani kina ukubwa gani?"
Upana wa unywele wako, nikasema,
utapanga vyangu laki moja na bado nafasi ibaki.
Nyundo za majirani zikajibu kwa niaba yake.
"Na nani atanunua?"

Sikumweleza jinsi mchemraba humkopesha mwenzake elektroni,
kama kwao Mwala, moto ukizima,
mtoto alivyotumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa,
nyumba hadi nyumba, hadi jiko la ndani kabisa
lenye molibdeni, ambako naitrojeni,
jeuri ile isiyosalimiana na mtu,
hutenganishwa mkono na mkono, ikawa chakula cha jani.
Udongoni. Kimya. Hakuna anayeziba masikio.

Mchana tulikula githeri langoni.
Niliinua haragwe moja kwa kijiko, nikalitazama mno.
"Kula," Kerubo akasema, "hilo halijui stima zimepotea."

Jumatatu kifurushi kilifika kutoka Kamukunji:
koleo ndogo, ncha zake nyembamba kama ulimi wa mjusi,
na karatasi: *Ya kushikia hicho chako.*
Ni kubwa mno, mara milioni mbili.
Nimeitundika kando ya sanduku,
huku nje, penye hewa.
Imeshaanza kutu.