Upande Huu wa Daraja

Gari lilitoka Galați, siku mbili na usiku wake,
likaegesha nyuma ya kituo cha mafuta cha Drachten
saa tisa na robo, baridi ya kukata masikio.
Tulikuwa kumi na mmoja, hatujuani,
kila mtu na kamba mpya mkononi,
kama waalikwa wa harusi wasiomjua bibi harusi.

Tjitske wa shirika alisoma majina kwa tochi.
"Douwe Hoekstra?" Nikaitika kama mwanafunzi.
Akanipakatisha kitu cha moto, kinachonuka mkojo na nyasi kavu,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
sikio moja limekatwa ncha.
"Anaitwa Mura. Usiachie kamba hata ukipiga chafya."

Mwezi uliotangulia alikuja kukagua nyumba.
Alipima uzio, akafungua kabati la sabuni,
akauliza: ukiugua, nani atamtembeza?
Nikamtaja jirani tusiyesemezana tangu mwaka wa mafuriko.
Jioni ile nilivuka ua, nikabisha hodi.
Ilibidi.

Na fomu nayo: *Sababu ya kutaka mbwa.*
Niliandika ulinzi. Nikafuta.
Mazoezi. Nikafuta.
Karatasi ikatoboka, nikaituma na tundu lake.

Miaka thelathini na moja nililinda daraja la mfereji wetu.
Nikivuta wenzo, linasimama kama mtu aliyeitwa jina,
mashua zinapita, nami nateremsha kiatu cha mti
kwenye uzi wa ndoana, watie sarafu.
Siku hizi kuna kamera juu ya mlingoti,
na kijana fulani mjini Leeuwarden
anabonyeza kitufe huku akinywa kahawa.
Simlaumu. Kahawa nami niliinywa.

Mura havuki daraja.
Akifika kwenye bamba la chuma
miguu yote minne inaota mizizi,
tumbo chini, macho pembeni.
Nimejaribu soseji. Nimejaribu jibini.
Nimeimba, mimi, mchana kweupe.
Nikambeba, kilo ishirini na mbili,
akanikojolea koti tusijafika katikati.
Nikarudi naye, nikimwomba radhi
kwa lugha asiyoijua.

Ionuț, anayepaka rangi kingo za daraja,
alimtupia neno la kwao siku moja,
fupi, kama anayemwita mtoto mezani.
Mkia ukapiga ubao. Mara mbili tu.
Ionuț akavua kofia, akatupa kisogo,
akaendelea kupaka
mahali palepale alipokwisha kupaka.

Karatasi zake zinasema chanjo, zinasema uzito,
kisha: *alipatikana.*
Neno moja kwa yote yaliyotangulia.
Zangu zinasema *alistaafu.*

Duka la mkate liko ng'ambo, hatua mia mbili.
Sisi tunazunguka kwa njia ya ng'ombe, kilomita nne na ushei,
hadi pale mfereji unapopita chini ya barabara kuu,
na nyasi juu, na lami juu,
na Mura hajui kwamba anavuka.
"Wewe, Douwe! Mtu wa daraja!" ananicheka mwokaji.
Nacheka naye. Mkate unafika nyumbani umepoa.
Alhamisi jirani hutusindikiza,
hasemi mengi, hubeba mfuko.

Jana kengele ililia, mlingoti ukawaka nyekundu,
daraja likapanda lenyewe.
Tulikuwa upande huu. Mura akalala juu ya viatu vyangu,
mzito, akihema, mbavu zake kwenye mundi wangu.
Jahazi la mchanga likapita polepole, halina haraka na mtu.
Nyuma yetu magari yalipanga foleni,
mmoja akapiga honi, kana kwamba mimi bado ndimi.
Sikugeuka. Nilikuwa nahesabu pumzi zisizo zangu.

Likashuka. Injini zikawashwa.
Nikasogeza kiatu kimoja, kisha cha pili,
tukashika njia ya ng'ombe.