Mizani ya Posta

Walipoifunga posta ya bondeni kwetu, hapa Virginia,
bendera waliichukua, mihuri waliichukua,
mizani wakaniachia. Ilikuwa na kutu. Mimi nilikuwa na miaka sitini na miwili.
Kwa mizani hiyo nimepima asali, buti, majivu ya mbwa wa mtu,
keki ya harusi iliyokuwa ikienda Ohio.
Leo, juu ya meza ya jikoni, napima usingizi.

Machela kwanza. Kitambaa chepesi kama ganda la kitunguu,
ukikikunja chaenea kikombeni: wakia kumi na moja.
Mikanda ya kuukumbatia mti bila kuuchubua: wakia tano.
Turubai, maana milima yetu haitoi ahadi: kumi na nne.
Mfuko wa kulalia: ratili moja na wakia tisa.
Sindano hutetemeka kidogo kabla ya kusema ukweli.
Mimi pia.

Garnet, mwanangu, kapiga simu kutoka Roanoke.
"Mama, nunua blanketi la kuning'iniza chini ya machela,
la manyoya ya bata. Siku hizi ndilo la kila mtu."
Nikamuuliza bei. Akakohoa.
Nikapanda darini.

Godoro la kupuliza la Verlin: kijani,
na kiraka kimoja pembeni, kama stempu.
Miaka kumi na minane alililalia ardhini,
akiamka asubuhi kuitukana mizizi, mmoja mmoja.
Nyonga yangu haitaki tena mazungumzo na mizizi.
Nilipofungua kizibo likatoa pumzi kidogo.
Ratili moja na wakia moja. Nikalipima tena.

Usiku wa kwanza, kati ya mwaloni na nguzo ya kuanikia nguo,
nililala bila godoro, kwa ubishi tu.
Saa nane nikajua lile ambalo mfuko haukuniambia:
baridi haishuki, baridi hupanda.
Manyoya niliyoyalalia yalikuwa bapa kama barua,
na upepo wa Oktoba ukanishika makalio
kama mtu asiyefundwa.

Usiku wa pili niliweka godoro. Nikajigeuza,
likanichomoka kama sabuni bafuni,
likawa mto, likawa ukuta,
mwisho likadondoka kwenye nyasi
na mbwa wa akina Blevins akaja kulilalia.
Alilala vizuri sana yule mbwa.

Usiku wa tatu nilitumia akili ya kaunta:
kinachoteleza hakifungwi kwa kamba, hutiwa bahasha.
Nikashona kitambaa cha pili chini ya kile cha kwanza,
upande mmoja wazi, nikalipenyeza godoro katikati.
Wakia saba zaidi.
Nikalipunguza pumzi, kwani likijaa sana hukataa kupinda,
nikalala kimshazari, kichwa kushoto, miguu kulia;
anayelala sambamba na kamba huamka ndizi.

Garnet bado ana hoja. Blanketi lake halitelezi, sawa.
Lakini kule juu kuna kilele cha nyasi tupu na farasi wadogo,
hakuna mti hata wa kuegemea ukivua kiatu.
Giza likinikuta pale, la kuning'inia litaning'inia wapi?
Godoro litalala chini, nami juu yake,
na nyonga itabidi ivumilie usiku mmoja.

Nimejumlisha nyuma ya risiti.
Ratili tano kasoro wakia moja.

Wakia moja, kwa wasiowahi kusimama kaunta yangu,
ni barua moja, kurasa nne au tano, kwa stempu moja.
Kalamu ninayo.
Mkoba nimeufunga, nikaufungua,
nikaufunga tena.