Kiti cha Bi Edna

Ngazi arobaini na mbili. Bi Edna Thirlwell
anazipanda kwa vituo:
kumi, apumzike; kumi, atafute dawa mfukoni;
zilizobaki anazitukana.

Kiti chake alikichagua kwa ramani,
si ya uwanja, ya shimo.
"Hapa," alimwambia karani wa tiketi,
"chini kabisa, ndipo Wilf alipokuwa akipita."
Kijana akatazama skrini:
Mama, hapa goli la mbali hulioni vizuri.
"Goli nitasimuliwa."

Sunderland uliwahi kuzaa meli,
ukizishusha mtoni Wear kinyumenyume
kama mtu anayewaaga wakwe.
Kisha nyundo zikanyamaza, moja moja,
na majirani zetu wakaendelea kuamka alfajiri
bila sababu.
Likabaki shimo la mkaa. Nalo
likafungwa Desemba, Krismasi ikibisha hodi;
wanaume wakatoka na taa mkononi
wasijue pa kuzitundika.

Kule Roker, uwanja wa zamani,
tulikonguruma hadi vikombe vikacheza makabatini,
siku hizi ni nyumba. Mtu anaanika soksi
pale palipopigwa kona.

Juu ya shimo wakapanda nyasi,
wakapaita Uwanja wa Nuru.
Wageni hudhani ni mbwembwe.
Hawajakaa kizimbani, meno tu ndiyo meupe,
kamba ikivuta, ikivuta,
hadi kile kipande cha anga, kidogo kama sahani.

Baba hakufia chini.
Alifia kitandani, Jumanne, akikohoa weusi
kwenye leso alizozipiga pasi mama.
Kilichobaki ni kipande chake cha shaba, namba 618,
kile kilichotundikwa juu kusema: huyu bado yuko ndani.
Mama huja nacho kila mechi.
Hajakirudisha. Ofisi yenyewe ya kurudishia iko wapi?

Dakika ya themanini na nane, kelele upande wa mbali.
Zege linatetemeka mpaka magotini.
"Nani kafunga?"
"Wao, mama."
"Mbwa hao."

Watu wanaanza kuondoka, skafu nyekundu na nyeupe
zikiburuzwa kwenye ngazi.
Yeye anainama polepole,
anagonga sakafu kwa kile kishaba
mara tatu.

Mara moja ilikuwa simama. Mbili, shusha.
Tatu: watu wanapanda.

Tunakaa mpaka taa zizimwe.